Kazi ya Namba Tano

Katika Dota 2, mchezo wa kompyuta, timu ina wachezaji watano, na kila mmoja ana namba yake kulingana na nani anatangulizwa kwenye dhahabu. Namba moja hulishwa mpaka ashibe, maana ndiye atakayemaliza mechi. Namba mbili anashika njia ya kati peke yake. Namba tatu anabanwa kwenye njia ngumu, namba nne anazunguka kusaidia huku na huko. Namba tano anapata makombo. Ikifika dakika ya 30, utamkuta bado ana viatu vya bei ya chini na vifaa viwili vitatu vya kuokolea wenzake, na adui akimkuta peke yake hachukui muda kumwangusha. Watazamaji wengi hawamfuatilii. Mimi macho yangu humwangalia yeye kwanza, na naamini kwamba kijana anayetaka kupanda kiwango katika michezo hii ya timu, iwe Dota kwenye kompyuta au Mobile Legends kwenye simu, atajifunza zaidi kwa huyu kuliko kwa wale wanaoshangiliwa.

Mtu wa mpira ataelewa haraka. Huyu ni kiungo mkabaji: timu ikishinda hatajwi, ikifungwa anaulizwa alikuwa wapi.

Kazi yake inaanza na kujizuia. Kila baada ya sekunde 30 askari wadogo wa pande zote mbili wanatoka ngomeni na kukutana katikati ya njia. Dhahabu haigawiwi kwa aliyempiga sana askari wa adui, inakwenda kwa aliyempa pigo la mwisho. Namba moja anasimama pale akihesabu uhai wa kila askari, akingoja nukta yake. Namba tano yuko pembeni yake, ana uwezo wa kulichukua pigo lile, na haligusi. Badala yake anamsogelea adui na kumpiga ili naye akose mapigo yake. Askari wa upande wake mwenyewe akishuka chini ya nusu ya uhai, anamuua yeye, ili adui akose dhahabu na apate pointi chache za uzoefu. Mechi inapoanza kila mchezaji ana dhahabu 600, na za namba tano nyingi huishia kwenye dawa, ambazo baadhi anampa mwenzake kabla hata vita haijaanza. Anayeanza kucheza huona huku ni kuonewa. Aliyezoea anajua kwamba mechi nyingi huegemea upande mmoja katika dakika hizi kumi za mwanzo, na kwamba mtu asiye na haja ya kukodolea macho askari ndiye mwenye nafasi ya kuitazama ramani nzima.

Kuna jambo moja dogo linalonionyesha mara moja kama namba tano anaijua kazi yake: anafanya nini saa ya mchezo inapokaribia sekunde ya 53.

Msituni, kati ya njia, kuna kambi za wanyama wasio wa upande wowote. Kila dakika kamili, mchezo unakagua kila kambi. Ikikutwa tupu, wanyama wapya wanaletwa. Ikiwa na kiumbe ndani ya mipaka yake, hakiji kitu. Sasa namba tano anafika pale kwenye sekunde ya 53 au 54, anawachokoza wanyama kwa pigo moja, kisha anakimbia. Wanyama wanamfukuza. Dakika inapogonga wako nje ya mipaka, kambi inahesabiwa kuwa tupu, na kundi jipya linazaliwa. Wale wa kwanza wakichoka kumfukuza wanarudi nyumbani, na kambi moja sasa ina makundi mawili. Akirudia dakika inayofuata yatakuwa matatu. Baadaye namba moja, akishapata silaha ya kupiga wengi kwa mkupuo, anapita pale na kuvuna kwa sekunde chache mali ambayo angeihangaikia muda mrefu.

Likielezwa hivi linaonekana rahisi, lakini liangalie linavyofanywa. Kila kambi ina sekunde yake, kwa sababu kuna wanyama wenye mbio na wazito, kuna kambi zenye uwazi na zilizozibwa na miti. Shujaa anayepiga kwa mbali anawahi kuondoka kuliko anayepiga kwa karibu. Ukiwahi sana, wanyama wanageuka na kurudi kabla dakika haijagonga. Ukichelewa kidogo, mmoja anabaki ndani na kazi yote imeharibika. Tena muda ule ulio msituni, mwenzako yuko njiani peke yake. Kwa hiyo uamuzi unaanza mapema, kama sekunde ya 40: maadui wote wawili wa njia yangu naona wako wapi? Mwenzangu ana uhai wa kutosha kujitegemea? Askari wetu wako karibu na mnara wetu au wamejisogeza kwenye hatari? Akishajijibu ndipo anaondoka. Sijachoka kulitazama jambo hili, kwa sababu hakuna kifaa kinachonunuliwa wala kipaji cha vidole kinachotakiwa. Kinachotakiwa ni kuikumbuka saa ukiwa katikati ya ugomvi, dakika baada ya dakika, bila mtu kukukumbusha.

Kazi yake nyingine kubwa ni macho. Timu hupewa vijiti vya kuchomeka ardhini, na kila kimoja kinamulika eneo kwa muda kisha kinazimika. Sehemu yoyote isiyomulikwa iko gizani, na adui anaweza kupita hapo bila kuonekana. Dota ina mchana na usiku wake, dakika tano kwa tano. Mchana shujaa anaona mbali. Usiku upeo wake unapungua sana, lakini upeo wa jicho lililochomekwa haupungui. Namba tano mzuri anaijua hesabu hii, na macho yake anayapanga giza likikaribia kuingia.

Kisha lipo suala la wapi. Vilima vinavyofaa kuchomeka jicho vinajulikana na kila mtu. Adui naye anavijua, anakuja na kifaa chake cha kufichua, analing'oa jicho na kulipwa dhahabu juu yake. Kwa hiyo fundi hachomeki mahali pazuri kuliko pote. Anachagua hatua chache pembeni yake, mahali ambapo pataonyesha njia ya kupita hata kama si uwanja wote. Anajiuliza timu yake itataka kufanya nini katika dakika tatu zijazo. Kama inaelekea kumuua Roshan, lile jitu linalomwachia muuaji wake kinga ya kufufuka mara moja, macho yanatakiwa kwenye milango ya kuingilia huko, na yawekwe kabla adui hajashuku. Jicho lililowekwa vita ikiwa imeshaanza limechelewa.

Mfano wa kazi ya aina hii kutoonekana ulitokea mbele ya watu wengi, kwenye fainali ya mashindano makuu ya mchezo huu, The International, huko Seattle mwaka 2015. Evil Geniuses ya Marekani ilikuwa ikicheza na CDEC ya China. Katika mchezo wa nne, CDEC wakiwa wamesongamana karibu na shimo la Roshan, Universe wa Evil Geniuses aliruka katikati yao na shujaa wake Earthshaker, akaipiga ardhi, na mapigo yakawaangusha. Tukio hilo bado linaitwa kwa thamani ya zawadi ya ubingwa, iliyozidi dola milioni 6. Lakini rudia picha zake taratibu. Kulikuwa pia na kombora la barafu, lililotoka kwa ppd, nahodha wa timu, aliyekuwa na shujaa Ancient Apparition. Kombora lile linataka kubonyezwa mara mbili: mara ya kwanza linaruka, mara ya pili unaamua liangukie wapi, na aliyeguswa nalo hawezi kuponywa. Mtu hukadiria mwendo wake na mahali adui watakapokuwa, siyo walipo. Barafu na ardhi vilikutana juu ya watu walewale. Jina la tukio limebaki la Universe, na sioni ubaya, kwa sababu mruko ule ulikuwa wa kipekee. Ila mwanafunzi wa mchezo anafaidika zaidi akikaa na lile kombora.

Na kama kuna mtu aliyeipa nafasi hii heshima yake kamili, ni Johan Sundstein wa Denmark, anayejulikana kama N0tail. Alikuwa nahodha wa OG na namba tano wake. Kabla ya The International ya 2018, wachezaji wawili wa timu yake waliondoka kwenda timu nyingine, mmoja wao akiwa rafiki aliyeianzisha OG pamoja naye. Muda ulikuwa mfupi. Ceb, aliyekuwa kocha, akaingia kucheza. Ana akarudi kutoka mapumzikoni. Akachukuliwa Topson, Mfini ambaye hakuwa na uzoefu wa majukwaa makubwa. JerAx akabaki. Walilazimika kupitia mchujo wa wazi, ule ambao timu yoyote ya mtaani inaweza kujiandikisha. Mwezi Agosti, huko Vancouver, wakaifunga PSG.LGD ya China michezo mitatu kwa miwili na kuchukua zaidi ya dola milioni 11. Mwaka uliofuata, Shanghai, wakarudia ubingwa dhidi ya Team Liquid, jambo ambalo hakuna timu iliyokuwa imewahi kulifanya. Mtu anayekula makombo ndani ya mchezo akaondoka na zaidi ya dola milioni 7 za zawadi katika maisha yake ya kucheza, na kwa miaka mingi akaongoza orodha ya walioshinda fedha nyingi zaidi katika michezo ya kompyuta duniani.

Kati ya ubingwa huo wa kwanza na wa pili, timu hiyohiyo ilifungwa na mashine. Aprili 2019, San Francisco, programu ya OpenAI Five iliifunga OG michezo miwili kwa bila, ingawa kwa idadi ndogo ya mashujaa walioruhusiwa. Programu ile ilikuwa imecheza na yenyewe muda unaolingana na miaka 45,000. Katika maonyesho yake ya awali, waundaji wake waligundua jambo lililonifurahisha: mashine iliwapa wasaidizi dhahabu na uzoefu mwingi mwanzoni kuliko binadamu walivyozoea. Nadhani iliona kile ambacho sisi tunakisahau, kwamba mwenye kazi nyingi hafai kuachwa na njaa.

Kwa wanaocheza kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa, naona sababu nyingine ya kuipenda nafasi hii. Seva za Dota haziko mtaani kwetu. Unaunganishwa na Afrika Kusini, Dubai au Ulaya, na kila unachobonyeza kinasafiri mpaka huko na kurudi. Pigo la mwisho linalotaka nukta ya sekunde linakuwa gumu kwa namba moja mwenye intaneti ya kusuasua. Kuikumbuka saa, kupanga macho, kuhesabu maadui wasioonekana kwenye ramani, hayo hayadhuriki sana na ucheleweshaji. Kichwa hakina umbali na seva.

Kuhusu kujifunza, njia ninayoiheshimu kuliko zote ni ya polepole. Dota inakuruhusu kupakua marudio ya mechi yako, na ya mabingwa pia, ukakaa ndani ya macho ya mchezaji mmoja na kuona kamera yake inavyotembea. Unachokigundua kwa mabingwa kwanza ni jinsi wasivyotulia. Kamera inatoka njiani, inakwenda katikati, inachungulia msitu, inarudi. Kwenye marudio yako mwenyewe usianze na ulipoua. Anza na ulipokufa, rudisha nyuma sekunde 20, ujiulize ni kitu gani kwenye ramani kilikuwa kinakuambia uondoke. Mara nyingi jibu lipo wazi: maadui watatu walikuwa wamepotea, na wewe ukaendelea kusonga mbele. Chagua mashujaa wawili au watatu tu kwa miezi kadhaa, ili mikono ifanye kazi yenyewe na akili ibaki kwenye ramani. Anayetukana wenzake mnyamazishe mapema bila kumjibu, kwa sababu sekunde ya kujibizana ni sekunde ambayo hukuitazama saa.

Na mechi zitakazopotea ni nyingi. Mchezo unakupanga na watu wa kiwango chako, kwa hiyo hata anayepanda vizuri anafungwa karibu nusu ya mechi zake. Kipimo cha namba tano hakiwezi kuwa ushindi wa siku ile peke yake. Ni kama makundi ya msituni yalirundikwa kwa wakati, kama macho yaliwekwa kabla ya giza, kama mwenzake alikufa bila dawa ambayo alipaswa kupewa.

Ukipata nafasi wikiendi hii, itafute kwenye YouTube fainali ya 2018 kati ya OG na PSG.LGD. Chagua mchezo mmoja kati ya ile mitano, waache Ana na Topson wafanye yao, umfuate N0tail kwenye ramani ndogo ya pembeni kuanzia mwanzo mpaka ngome inapoanguka. Kisha ingia kwenye mechi yako, na wenzako wakigombania namba moja, wewe omba ya tano.