Sifa ya Fundi Anayetafuta

Fungua boneti ya Corolla kuukuu hapa Songea, na huenda ukakuta chupa ya maji ya plastiki imefungwa kwa waya pembeni mwa injini. Mdomoni mwake umechomekwa mpira unaotoka kwenye tapeti kava, na ndani umetuama uji mweusi wa oili. Mwenye gari atakueleza kwa fahari kwamba fundi alimtibia gari lililokuwa likivuja. Hakutibu kitu. Aliung'oa mpira mahali pake, akautafutia jalala.

Mahali pake ni kwenye valvu ya PCV, kidude kinachojaa kiganjani na kusahaulika. Injini ikifanya kazi, gesi kidogo hupenya kandokando ya ringi za pistoni na kushuka kwenye sampo, ikibeba petroli isiyoungua na mvuke wa maji. Zamani ilimwagwa nje kwa bomba, barabarani. Ilipobainika kwamba gesi hiyo inachangia moshi mzito uliolifunika jiji la Los Angeles, magari ya California yakaanza kufungwa valvu hiyo mwaka 1961, ili gesi ivutwe tena kwenye injini ikaunguzwe. Ile chupa yetu, basi, imeturudisha nyuma miaka zaidi ya 60, nasi tunaiita matengenezo.

Nimewaza haya tangu nilipoketi kwenye benchi la gereji moja ya Mfaranyaki, asubuhi ya Juni, baridi ya Matogoro ikiwa bado haijaondoka mjini. Fundi ni mzee, na vijana wanaomzunguka wanamwita Baba. Gari lililoletwa lilikuwa likila oili na halikai sailensa; mwenyewe alikwisha kubadilishiwa sili ya kranki kwingine, nayo imevuja tena. Mzee hakugusa spana. Alifungua kifuniko cha oili, akakigeuza, akatuonyesha ute mweupe uliogandia kwa ndani.

"Gari hili linatembea wapi?"

"Majengo na sokoni, mzee. Siku nyingine Lizaboni."

"Na mlima wa Lukumburu linapanda lini?"

Mwenye gari akacheka, akidhani anataniwa. Mzee hakuwa anatania. Gari la safari fupi kwenye mji wenye baridi halipati joto la kutosha kuukausha mvuke wa maji. Mvuke huchanganyika na oili, ukawa ute, na ute ukaenda kuziba njia ya hewa. Kabla hajaona valvu, alikwisha kuisoma kwenye ratiba ya mwenye gari.

Kisha akaitafuta kwa vidole. Injini hazifanani: nyingine zimeiweka wazi juu ya tapeti kava, nyingine zimeifunga kwa nati zake, nyingine zimeificha chini ya manifoldi hata ufungue nusu ya injini ndipo uione. Yeye huanza na mpira. Hushika unapoingia kwenye manifoldi ya hewa, akaufuata nyuma, akibonyeza kila hatua kusikia palipolainika, palipochanika, palipojaa. Unapoishia ndipo ilipo. Injini ikinguruma, huichomoa na kuziba mdomo wake kwa kidole: ikikinyonya, njia ni nzima. Siku ile haikunyonya. Akazima, akaitikisa karibu na sikio. Valvu nzima hutoa mlio mkavu, kachakacha, wa kipande cha ndani kinachocheza kwenye springi. Hii ilikuwa bubu.

Lakini nililolipenda zaidi lilitokea kabla ya hapo, wakati wa kuichomoa. Kwenye Corolla za miaka ya 1990, kama hiyo iliyoletwa, valvu hukaa ndani ya raba, na raba iliyopikwa na joto la injini miaka yote hiyo huwa kavu kama biskuti. Kijana mmoja alikwisha kusogea na bisibisi ili aing'oe. Mzee alimzuia mkono bila kumtazama. Akadondosha oili kuzunguka raba, akakaa. Akaizungusha valvu kidogo kulia, kidogo kushoto, akadondosha tena. Kazi ya dakika mbili ikawa ya muda mrefu, na mwenye gari akaanza kuangalia saa.

"Ikikatika, vipande vitaingia ndani," mzee akamwambia yule kijana. "Mwenye gari hataviona leo."

Heshima yote ya ufundi nimeiona katika sentensi hiyo. Kosa ambalo mteja hawezi kuliona, na pengine hatalijua kamwe limetoka kwa nani, ndilo aliloogopa kulifanya.

Mafundi wa namna hii walikuwapo wengi mkoani Ruvuma. Wabenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898 walijenga karakana pamoja na kanisa, na vijana wa hapa wakashika patasi, nyundo, baadaye spana. Kisha ikaja shule nyingine isiyo na mwalimu: uhaba. Baada ya vita ya Kagera spea zilikuwa adimu nchi nzima, na Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa. Fundi aliyekisia akakosea aliliacha gari juu ya mawe miezi. Ilimlazimu ajue kabla ya kufungua. Leo maduka ya spea yamejaa, na kukisia kumekuwa rahisi. Hubadilishwa hiki, kikishindikana kile, mpaka mfuko wa mteja uishe.

Methali inatuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na mafundi wengi wameishika kweli kweli. Wanaziba. Sili ikivuja, wanaweka nyingine na kuipaka silikoni. Lakini injini hii haikuhitaji kuzibwa, ilihitaji kufunguliwa. Gesi ikikosa pa kutokea hutafuta penye udhaifu, na sili mpya itasukumwa kama ya zamani. Mwezi mwingine mteja ataambiwa injini imekufa, tafuta ya mtumba. Injini nzima inazikwa kwa sababu ya kidude ambacho mara nyingine kuoshwa kwa petroli kungekifufua.

Ni rahisi kuwalaumu vijana. Lakini nilimwona mwenye gari yule wakati wa kulipa. Valvu ya akiba na raba yake aliilipia bila neno. Alipotajiwa ufundi, akang'aka: kwani umefanya nini, si umechomoa na kuchomeka? Muda wa kuuliza, wa kufuata mpira kwa vidole, wa kuisubiri raba ilainike, wote haukuwa na bei kwake. Mzee akapunguza. Vijana wote walikuwa wanatazama.

Hapo ndipo mafunzo yanapofanyika kwa kweli, wakati wa hesabu. Kijana akiona kwamba aliyebadilisha vitu vitano hulipwa zaidi ya aliyetafuta kimoja, hatahitaji mtu wa kumfundisha uzembe. Sisi wenye magari tumekwisha kumfundisha, tena kwa fedha taslimu.