Kabla Injini Haijapandishwa

Injini ya Hilux ikining'inia kwenye chenibloko haikosi watazamaji. Watoto wa Iringo, hapa Musoma, wanaotoka shule husimama, bodaboda huzima pikipiki zao, na kila mmoja ana ushauri wa kumpa fundi. Mimi huvutiwa zaidi na kazi inayotangulia hapo, kazi ya siku ambazo fundi anazunguka madukani, anauliza, anabana tochi kwa meno na kuchungulia, akitafuta injini ya kupandisha kwenye pikapu ambayo injini yake imefika mwisho. Hiyo kazi haina watazamaji. Lakini ikikosewa, ustadi wote wa spana baadaye hauwezi kuiokoa.

Pikapu ninayoizungumzia ni Hilux ya 4x4 ya kile kizazi kilichoanza 1988, yenye springi za bapa mbele na nyuma na ekseli nzima ya chuma mbele. Sura yake imezeeka, chasisi bado ngumu. Ilitoka kiwandani na injini ya 3L, dizeli ya silinda nne yenye cc 2,779, haina turbo, haina kompyuta. Mwenye nayo ni mama anayefanya biashara ya dagaa, na njia yake ni ile ya Musoma kwenda Makojo hadi Busekera, ndani kabisa ya Majita.

Fundi ninayemheshimu hapa Iringo haanzi kwa kutafuta injini mpya. Huanza na ile iliyokufa. Dalili zilikuwa wazi: moshi wa bluu, kuwaka kwa shida asubuhi, na ukifungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, inapumua kwa nguvu hadi kiganja kinasukumwa. Hapo wengi wangesema ringi zimekwisha, tafuta nyingine, tuendelee. Yeye alitaka kujua kilichozimaliza. Alivua hozi ya hewa inayotoka kwenye chujio kwenda kwenye injini, akaikunja taratibu juani, na kwenye mkunjo mmoja ukafunguka ufa mwembamba ambao hozi ikinyooka hauonekani kabisa. Akaingiza kidole ndani. Kilitoka na vumbi laini jekundu lililoganda na oili. Basi chujio lilikuwa zima muda wote, tena safi, na vumbi la Majita lilikuwa linaingia nyuma yake, linasaga kuta za silinda. Injini yoyote ambayo ingefungwa pale na hozi ileile ingekufa kwa ugonjwa uleule.

Ndipo akamwita mwenye gari.

"Mwanangu, safari hii nitafutie yenye nguvu," mama akasema.

"Nguvu ya wapi, mama? Ya lami ya kwenda Mwanza, au ya Busekera mvua ikinyesha?"

Lilikuwa swali la kweli, na alisubiri jibu. Kwenye lami nguvu ni kasi. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa tambarare za Bunda kuelekea Ndabaka, nguvu ni uwezo wa kuvuta polepole bila injini kuzimika, gia ya chini, mguu umetulia. Gari linalopata nguvu yake kwenye mzunguko wa juu tu huchimba kaburi lake lenyewe kwenye tope. Aliuliza pia mzigo unafika kiasi gani, nani anaendesha, na dizeli inanunuliwa wapi. Hilo la dizeli niliona mama hakulitarajia. Akajibu kwamba mara nyingi ni kituoni, lakini huko mbele wananunua kwenye madumu.

Jibu hilo lilifunga mlango wa injini moja ambayo vijana wengi huitamani, 1KD ya D-4D. Ni injini nzuri, sina ubishi. Ina cc 2,982, ina turbo, inavuta vizuri kuliko zote za ukubwa wake ambazo gereji za hapa zinaziona. Lakini nozeli zake hufunguliwa kwa umeme, na mafuta husukumwa kwa mgandamizo unaozidi baa 1,300. Dizeli ya dumu huja na maji na mchanga, na kwenye mfumo wa namna hiyo chembe ndogo ni hasara kubwa. Tena inataka kompyuta yake, waya zake na vihisio vyake vyote vihame pamoja nayo. Pampu ya mitambo ya 3L nayo haipendi maji, lakini ikiumia kuna mafundi wa pampu wa kuifungua na kuipima bila kuunganisha kompyuta yoyote.

1KZ ilizungumzwa kidogo ikaachwa. Ni turbo ya lita tatu inayosifiwa sana, ila ikichemsha mara moja vibaya hedi hupasuka. Petroli haikujadiliwa hata dakika mbili, maana dagaa hawana faida ya kulipia kiu ya aina hiyo. Kuna kijana pale gereji aliyetaja 1HZ, ile ya silinda sita na cc 4,164 inayobeba Land Cruiser za mkonga hadi hifadhini Serengeti. Hakuna anayeidharau 1HZ. Lakini ni ndefu na ni nzito. Ukiilazimisha kwenye Hilux unasogeza radieta, unatafuta giaboksi yake, springi za mbele zinalala. Mwisho wake unakuwa na gari ambalo si Hilux na si Land Cruiser, na atakayelirithi hatajua aagize spea ya gari gani.

Likaja suala la turbo. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo injini isiyo na turbo hupoteza takribani moja ya kumi ya nguvu zake. Ukipanda kuelekea Butiama inapoteza zaidi kidogo. Kuna wanaoifunga turbo 3L ili kufidia. Fundi wetu hakatai kwamba itavuta, anakataa joto. Toyota yenyewe ilifunga turbo kwenye ndugu yake mdogo, 2L-T, na injini hiyo ikajulikana kwa hedi zake kupasuka. Naona ana haki. Injini isiyozaliwa na turbo ukiiongezea hewa na dizeli, unaongeza moto kwenye pistoni na hedi zilizopimwa kwa moto mdogo.

Ikabaki familia ileile. 2L, 3L na 5L ni damu moja. Kutoka 3L kwenda 5L, upana wa silinda uliongezwa kutoka milimita 96 hadi 99.5, mwendo wa pistoni ukabaki milimita 96, na ujazo ukafika cc 2,986. Giaboksi ya 3L inaipokea 5L bila kuchomelea kitu. Ongezeko la nguvu si kubwa, lakini linapatikana kwenye mzunguko wa chini, mahali ambapo mama yule analihitaji. Na kuna sababu nyingine, ambayo kwangu ndiyo inayoonyesha akili ya fundi huyu: 3L na 5L zimo kwenye Hiace, na Hiace ziko kila stendi. Gari likizimika Suguti au Kibara, mtu wa kulifungua anapatikana, na gasketi inapatikana dukani kesho yake. Anayechagua injini anachagua pia mafundi watakaoishika baada yake.

Injini hizi zilizotumika hutoka Japani, hushushwa bandari ya Dar es Salaam, halafu husambaa mikoani. Duka tulilokwenda lilikuwa na 5L tatu sakafuni. Ya kwanza imeoshwa ikapakwa rangi ya fedha. Fundi hakusema lolote juu ya rangi. Alichukua spana, akaipachika kwenye boliti ya puli ya mbele, akaanza kuizungusha injini kwa mkono.

Hapo ndipo ningependa kila mtu aone. Injini ya silinda nne, ukiizungusha mizunguko miwili, inakupa vikwazo vinne: kila silinda kwa zamu yake inabana hewa na spana inakuwa nzito. Dizeli hii haina plagi ya kutoa cheche. Inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa hadi sehemu moja ya 22, kwa hiyo hewa ikivuja hakuna moto. Fundi akifika kwenye kikwazo hasukumi kupita. Anaishikilia spana palepale, ametulia, anahisi kiganjani hewa inakaa muda gani. Silinda ya kwanza ilikaa. Ya pili katika mzunguko ikakaa. Ya tatu ikaanza kulegea mapema, na akainama kusikiliza. Mlio ukitokea kwenye njia ya kuingiza hewa, valvu ya kuingiza haifungi. Ukitokea kwenye ekzosi, ni valvu ya kutoa. Huu ulitokea kwenye tundu la kumiminia oili. Ringi. Akavua spana akaifuta.

Injini ya pili ilibana vizuri silinda zote nne, lakini pampu yake ilikuwa na soketi za waya: 5L-E, yenye pampu inayoamrishwa na kompyuta. Muuzaji alisema waya zinakatwa tu. Fundi alimjibu kwa heshima kwamba hazikatwi, akahamia ya tatu.

Ya tatu ilitoka kwenye Hiace, chafu, ina jasho la oili kuukuu pembeni ya kava. Ilibana sawa zote nne. Alichomeka bisibisi nyuma ya puli na kuisukuma krankishafti mbele na nyuma, akisikiliza kama inacheza. Alifungua nyumba ya themostati kutafuta kutu. Aligeuza kifuniko cha oili na kutazama chini yake, kwa sababu maji yakiwahi kuchanganyika na oili huacha ute mweupe wa kahawia usiotoka kirahisi. Kisha akaomba jambo ambalo muuzaji hakulipenda: kushusha sampo. Akafungua kifuniko cha beringi moja ya koneksheni rodi na kuipeleka kwenye mwanga. Ilikuwa ya kijivu, imelainika sawasawa, hakuna mchubuko wa shaba. Sikuwahi kuona mtu akitazama kipande cha chuma kwa makini kiasi hicho.

Sampo ya Hiace haifai kwenye Hilux ya 4x4, kwa kuwa chini pale kuna ekseli na difu ya mbele. Kwa hiyo sampo ya zamani, bomba lake la kufyonza oili na mikono ya mauntini vilitolewa kwenye 3L vikahamishwa. Klachi ikawekwa mpya wakati giaboksi iko chini. Hozi ya hewa mpya ilinunuliwa kabla ya vyote hivyo.

Namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku aliinakili kwenye karatasi na kumkabidhi mama pamoja na risiti ya duka. Kadi ya gari ina namba ya chasisi na namba ya injini, na mabadiliko hayo lazima yafikishwe Mamlaka ya Mapato, TRA. Kuna mafundi wanaoliona hilo si lao. Huyu alikataa gari liondoke hadi mama alipoahidi kwenda.

Kilichobaki ni mkanda wa taimingi. Kwenye injini hizi hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika pistoni hukutana na valvu. Historia ya mkanda wa injini ya duka haijulikani, basi alifunga mpya, na kwa rangi nyeupe akaandika juu ya kava tarehe na kilomita. Ila mita ya Hilux ile ilikuwa imesimama siku nyingi, kebo yake imekatika. Alimwambia mama asubiri, akatuma kijana dukani akalete kebo.