Kiu ya Ukungu

Mchele wa kutengeneza sake, pombe ya Kijapani, hauchemshwi, hupikwa kwa mvuke. Punje hutoka zimeachana, juu kavu na ngumu kidogo, ndani laini. Mezani wali huo ungerudishwa jikoni. Toji, yaani fundi mkuu wa kiwanda cha sake huko Japani, akiubonyeza kwa vidole na kuuona uko hivyo, huridhika.

Kwetu, anayetaka wanga ugeuke sukari huotesha nafaka. Ulezi ukichipua, mbegu yenyewe hutoa vimeng'enya vya kuukata wanga, na hapo ndipo penye siri ya kimea cha togwa na pombe. Mchele wa sake hauwezi hilo. Umekobolewa mpaka kiini kimekwenda na pumba. Ule wa sake ya daraja la juu iitwayo daiginjo hukobolewa hadi angalau nusu ya punje imegeuka unga. Kilichobaki hakioti tena, kwa hiyo kazi ya kukata hupewa ukungu uitwao Aspergillus oryzae, na wali ulioota ukungu huo ndio koji. Nasi tuna sababu ya kuutazama ukungu wa nafaka kwa wasiwasi: ndugu yake wa karibu, Aspergillus flavus, hutia sumukuvu kwenye mahindi, na mwaka 2004 mahindi ya namna hiyo yaliua watu 125 nchini Kenya. Huu wa Japani umefugwa karne nyingi, na sumu hiyo hautoi.

Chumba cha koji huwa na joto la nyuzi 30 hivi. Wali uliopoa hutandazwa juu ya meza, kisha vumbi la kijani, ambalo ndilo mbegu za ukungu, hunyunyizwa kwa chujio taratibu. Baada ya nusu siku hivi wali hushikana madonge, na mafundi huyafikicha kwa mikono mpaka punje ziachane tena. Kazi yote huchukua kama saa 48, usiku ukiwemo, maana ukungu unaokula hutoa joto lake wenyewe, nao ukipuuzwa hujiunguza.

Ninachokistahi zaidi ni ile hila ya kuunyima maji. Punje ikiwa na majimaji juu, ukungu hutanda nje na kustarehe. Juu pakikauka, nyuzi zake hazina budi kuzama ndani kufuata unyevu, hadi kwenye moyo wa punje. Kumbe mkono ule unaogeuza wali haupozi tu, unatia kiu.

Huko ndani nyuzi hazina kinywa cha kulia. Humwaga vimeng'enya nje ya mwili wake, chakula kikasagika palepale kilipo. Alfa-amilesi hukata mnyororo wa wanga popote katikati. Glukoamilesi huanzia nchani, ikichomoa glukosi mojamoja. Peke yake ingekawia sana, lakini kila mkato wa katikati huizalishia ncha mpya ya kuanzia. Joto likiachwa lipande kufikia nyuzi 40 hivi, vimeng'enya hivi vya wanga hushamiri. Likizuiwa chini kidogo, hushamiri vile vinavyokata protini, ambavyo mtengenezaji wa miso, kiungo cha soya iliyochachushwa, huvitaka kwa ajili ya ladha. Fundi huchagua kati ya njia hizi mbili kwa kufunika na kufunua kitambaa, kurundika wali na kuutandaza. Viwanda vingi sasa vina mashine za kugeuza, na sake ya kila siku haipungukiwi kitu. Kwa daiginjo, wengi bado hutegemea mikono.

Koji ikiiva hupozwa, ikatiwa pipani pamoja na maji, wali mwingine na hamira. Vimeng'enya huendelea kukata humo, na hamira hula sukari kadiri inavyotoka. Ingemiminiwa yote kwa mara moja, ingelemewa. Kwa kuwa hulishwa kidogo kidogo, huweza kufikisha kileo karibu asilimia 20 bila sake kukenekwa, kiwango ambacho bia ya kawaida haikaribii.