Injini ya 1976, Goti la Miaka 60

Pikipiki inayomfaa mtu aliyevuka miaka 60 haikubuniwa kwa ajili yake. Ilibuniwa kwa ajili ya mtu wa nchi maskini anayebeba mizigo kupita kiasi, anayepita barabara ya vumbi, asiyebadilisha oili mpaka injini ianze kulia, na ambaye fundi wake amejifunzia kazi chini ya mwembe. Mashine hiyo ni Honda CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976. Nimeendesha pikipiki kubwa na ndogo, na kadiri umri unavyosogea ndivyo ninavyozidi kuirudia hii. Wenzangu husema ninatafuta ujana. Nadhani wanakosea. Raha yake imo ndani ya chuma, na inaweza kuelezwa sehemu kwa sehemu.

Tuanze na tatizo ambalo wahandisi walipewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Honda walikuwa tayari na pikipiki nzuri za cc 125 ambazo kamshafti imekaa juu, kwenye kichwa cha silinda, ikizungushwa na taiming cheni inayopanda kutoka kwenye krenki. Kwa mtu anayepeleka pikipiki gereji kila kitabu kinapoelekeza, mpangilio huo hauna ubaya wowote. Lakini cheni hiyo hulegea kadiri inavyotumika, ina kikaza chake kinachotaka kurekebishwa, na kamshafti iliyo juu kabisa inategemea oili safi ipande hadi huko. Oili ikipungua, au ikawa nzito na nyeusi, kule juu ndiko kunakoanza kufa. Kampuni ilipotaka kujua pikipiki zake zinaishi vipi katika nchi zinazoendelea, ilikuta hali ambayo msomaji wa huku hahitaji kusimuliwa. Mwenye pikipiki huitumia mpaka isimame, ndipo amtafute fundi. Chujio la hewa limejaa vumbi, pointi zimeungua, cheni ya nyuma imekauka, na juu ya siti wamekaa watu watatu na gunia.

Ingekuwa rahisi kuwalaumu wenye pikipiki na kuwachapishia kitabu kinene zaidi cha maelekezo. Wahandisi wakaibadilisha mashine badala ya kumbadilisha mtu, na hapo ndipo ninapowaheshimu.

Walibadilisha kwa kurudi nyuma. Super Cub ya kwanza, ile ya mwaka 1958 yenye cc 49, ilifungua valvu zake kwa pushirodi, yaani fimbo mbili nyembamba zinazosukumwa kutoka chini. Katika miaka ya 1960 kampuni iliachana na njia hiyo kwenye Super Cub na kuhamia taiming cheni, kama ilivyokuwa inafanya kwenye pikipiki zake nyingine. Kwa CG125 ikaichukua tena njia ya zamani, kwa makusudi, huku ikiwa na uwezo kamili wa kutengeneza ile mpya.

Ukiifungua injini utaona jinsi walivyofanya. Silinda ina kipenyo cha milimita 56.5, na pistoni husafiri milimita 49.5, jumla cc 124. Krenki ina gia ndogo, na pembeni yake ipo gia yenye meno mara mbili iliyoshikamana na kamshafti fupi. Gia kwa gia, hakuna cheni katikati, kwa hiyo hakuna cha kulegea wala cha kukaza. Kwenye kamshafti hiyo kuna nundu moja tu. Injini nyingi za aina hii zina nundu mbili, moja ya valvu ya kuingiza na nyingine ya kutoa moshi. Hapa nundu moja inainua vipokezi viwili kwa zamu, kila kimoja kinasukuma fimbo yake, fimbo inasukuma roka juu, na roka inaibana valvu ifunguke. Kamshafti yenyewe iko chini, karibu na krenki, mahali ambapo oili huruka muda wote injini inapozunguka. Hata oili iliyochoka huifikia.

Faida ya pili huonekana siku gasketi ya kichwa inapokufa. Kwenye injini ya taiming cheni, kufungua kichwa ni kuvuruga taiming, na fundi asiye makini akirudisha cheni jino moja pembeni, injini haiwaki vizuri au valvu zinagongana na pistoni. Kwenye CG unavua kifuniko, unatoa roka, unachomoa fimbo mbili, unanyanyua kichwa. Taiming haijaguswa, imebaki kule chini kwenye meno ya gia. Fundi mwenye spana chache na kitambaa safi anamaliza kazi kabla ya chakula cha mchana.

Hasara ipo, na ni haki kuisema. Fimbo zina uzito, na uzito huo huizuia injini kuzunguka kwa kasi kubwa mno. Hata hivyo CG za mwanzo zilifikisha nguvu za farasi 11 kwa mizunguko 9,000 kwa dakika, kiasi ambacho sina haja ya kukivuka.

Oili nayo ilifikiriwa upya. Injini haina chujio la karatasi la kununua na kusahau kubadilisha. Mwisho wa krenki kuna kikombe kinachozunguka nayo. Oili hupita humo, uchafu kwa kuwa ni mzito zaidi hutupwa ukutani na kuganda, na oili safi huendelea na safari. Anayejali hufungua kikombe na kukifuta. Asiyejali, injini humvumilia kwa muda mrefu. Cheni ya nyuma ilifunikwa yote ndani ya boksi la bati, vumbi lisiifikie na mafuta yasikauke upesi.

Sasa mweke mzee juu ya mashine hiyo. Kila kilichofanywa ili kumsaidia mtu asiye na gereji kinamfaa pia mtu ambaye goti, kiganja na mgongo vimeanza kudai.

Uzito kwanza. CG125 ina takriban kilo 100. BMW R 1250 GS, pikipiki ya safari inayopendwa sana na watu wa umri wangu wenye uwezo, ina kilo 249 ikiwa na mafuta na nguvu za farasi 136. Inapotembea uzito huo hausumbui. Unasumbua unapoisukuma kinyumenyume kutoka kwenye maegesho yenye mteremko, au mguu unapokosa pa kukanyaga kwenye changarawe. Kijana huinyanyua na kucheka. Mtu wa miaka 65 anaweza kulipa kwa miezi ya maumivu ya kiuno. Siti ya CG iko chini, nyayo zangu zote mbili hukaa ardhini, na ikitaka kulala upande mmoja naizuia kwa paja.

Kisha kiganja. Klachi ya injini ndogo inabeba msokoto mdogo, kwa hiyo springi zake hazihitaji kuwa ngumu. Kwenye foleni ya mjini, ambako mkono wa kushoto hubana na kuachia bila kupumzika, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utafika na vidole vinavyoweza kushika kikombe cha chai. Pikipiki kubwa za kisasa zina vifaa vya kupunguza ugumu huo, na vinafanya kazi vizuri. Hii haikuhitaji kifaa.

Kiki ndiyo inayowatia watu wengi wasiwasi. Vijana wa kijiweni huniamkia, "Shikamoo mzee," kisha hutaka kuniwashia. Nawashukuru, lakini siwapi. Kupiga kiki ni ufundi, na kijana mwenye nguvu huwa hajaona sababu ya kuujifunza. Fungua bomba la petroli, vuta choki kama injini ni baridi. Kabla ya kuwasha swichi, sukuma kiki polepole kwa mguu mpaka uhisi inagoma; hapo pistoni inabana hewa. Endelea taratibu mpaka ugumu uachie, kisha rudisha kiki juu. Washa swichi. Sasa simama wima, goti likiwa limekunjwa kidogo tu, uache uzito wa mwili ushuke na kiki mpaka chini bila kusita. Anayesukuma kwa msuli wa paja huku amekaa kwenye siti ndiye anayeumia goti. Pistoni ikiwa mahali pake, krenki hupata nafasi ya kushika kasi kabla ya kukutana na mgandamizo unaofuata, na cheche hukuta hewa na petroli vimekwisha kubanwa vizuri. Injini iliyosetiwa sawasawa huwaka bila kubembelezwa sana. Furaha ya kuiwasha hivyo asubuhi ni kubwa, na inaongezeka kila mwaka.

Kuseti valvu nako ni raha ya pekee. Nafasi kati ya roka na valvu inatakiwa iwe milimita 0.08, injini ikiwa baridi, kwa valvu zote mbili. Unafungua kifuniko, unageuza krenki mpaka alama ya T ilingane na alama ya kwenye injini, unahakikisha roka zote mbili zina nafasi ya kucheza, kisha unaingiza bamba la fila geji. Linatakiwa lipite kwa kusuguana kidogo, si kwa kulegea wala kwa kung'ang'ania. Macho yangu siku hizi yanataka miwani kwa kazi hiyo. Vidole havijapoteza chochote. Naamini vinapima vizuri kuliko zamani kwa sababu havina haraka. Ukimaliza, ile sauti ya kugongagonga juu ya injini imepungua na kubaki mlio mdogo wa sawasawa. Usiinyamazishe kabisa. Valvu iliyobanwa mno haifungi vizuri, na valvu ya kutoa moshi isiyofunga huungua. Pikipiki za kisasa huficha kazi hii chini ya plastiki na kuiachia gereji, na mwenye pikipiki hupoteza njia ya kuijua mashine yake.

Barabarani, nguvu za farasi 11 zina heshima yake. Chukua barabara ya Mombo hadi Lushoto. Inapanda takriban mita 1,000 kwa kona mfululizo kupitia Soni, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande mwingine. Injini ya kabureta hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa kuwa hewa inakuwa nyepesi huku petroli ikiendelea kuingia kwa wingi uleule. Kwa hiyo CG inayofika Lushoto imekwishapoteza nguvu ya farasi mmoja, na ukichomoa plagi utaikuta nyeusi kuliko ulivyoiacha. Dereva wa mashine kubwa hatalijua hilo, kompyuta imemrekebishia. Mimi nalihisi kwenye mkono wa kulia tangu nusu ya safari, na kila kona inanidai uamuzi: nishuke gia sasa au nisubiri? Nikichelewa, injini inazama. Nikiwahi, inapiga kelele bure. Natumia nguvu zote ambazo mashine inazo, nikiwa katika mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa. Mwenye farasi 136 akitaka kutumia uwezo wote wa pikipiki yake itambidi aende kwa kasi ambayo mifupa ya umri wetu haisamehe.

Vipuri havijawahi kunisumbua, na sababu ni historia ya injini yenyewe. Kiwanda cha Honda cha Manaus, Brazil, kilianza na CG125 mwaka huohuo wa 1976, na Pelé mwenyewe akaitangaza. Pakistan wanaitengeneza hadi leo, bado ikiwa na pushirodi. China nako injini hii ikaigwa na viwanda vingi, na uzao huo ndio uliobeba sehemu kubwa ya bodaboda za Afrika Mashariki. Ukitaka kuutambua undugu huo, tazama ubavu wa kichwa cha silinda. Kama hakuna kile kifuniko cha mviringo cha gia ya taiming cheni, kuna uwezekano mkubwa kwamba ndani mna fimbo mbili. Maboksi ya vipuri dukani yameandikwa CG mpaka sasa. Si kila kipuri cha Kichina kinaingia kwenye Honda ya zamani. Pima kabla ya kulipa, hasa pistoni na ringi.

Nisingependa mtu ainunue kwa sababu ya maneno yangu halafu aumie, kwa hiyo kuna mambo mawili. Breki za modeli za mwanzo ni za ngoma mbele na nyuma. Zinatosha kwa uzito ule, lakini zikishikwa mfululizo kwenye mteremko mrefu hupata joto na kupoteza nguvu. Taa za modeli za volti 6 ni dhaifu, na macho nayo yamezeeka: jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja tu ya mwanga unaoingia kwenye jicho la kijana wa miaka 20. Kufunga mfumo wa volti 12 na taa bora ni mabadiliko ninayoyaunga mkono bila kusita, ingawa wapo wanaotaka kila nati ibaki ya asili. Viatu vipya vya breki vya ubora mzuri pia. Eksozi ya kelele, hapana.

Kutoka Lushoto mimi huanza kushuka saa 10 alasiri. Gia ya pili inaingia kabla ya kona za Soni, injini inashikilia mwendo yenyewe, breki naigusa na kuiachia ili ngoma zipoe, na kabla jua halijazama nipo Mombo nakunywa chai.