Bogenvilia Njema Huanzia Kwapani

Bogenvilia ni mmea mtambaazi wenye asili ya Amerika ya Kusini. Mwanabotania Mfaransa Philibert Commerson aliuchuma Rio de Janeiro mwaka 1767, alipokuwa kwenye msafara wa Louis Antoine de Bougainville wa kuizunguka dunia, na jina la kiongozi huyo likaugandama mmea. Nairobi iliupata kwa wingi katika zama za Peter Greensmith, msimamizi wa bustani za jiji aliyeupanda kando ya barabara ambayo leo ni Uhuru Highway. Kabla ya nguzo za barabara ya juu kusimama pale, matawi yake yalimwagika yenyewe bila kulazimishwa, na hicho ndicho kipimo ambacho kazi ya leo inapaswa kupimwa nacho.

Badala yake, sasa husifiwa uzio wowote wenye rangi kali. Mbele ya maghorofa ya Kileleshwa na Kilimani bogenvilia hunyolewa kwa mashine hadi ikawa mraba, na wapita njia husimama kuipiga picha. Kazi hiyo ni mbovu. Maua huja kwenye matawi machanga, na anayenyoa kila baada ya wiki mbili hukata zile ncha zilizokuwa zikijiandaa kuchanua. Ukiufunua uzio kama huo kwa mkono, ndani ni vijiti vikavu vitupu. Bogenvilia haikatwi mraba.

Rangi si ya kuangaliwa kwanza, kwa sababu si ya ua. Ni ya brakti tatu, yaani majani yenye rangi, na kila moja imebeba ua dogo la mrija, jeupe, lililoshikana na mshipa wake wa kati. Kwanza huangaliwa jani na mwiba. Spishi ya glabra ina jani laini linalong'aa na mwiba mfupi. Ile ya spectabilis ina jani lenye vinyweleo na mwiba mnene uliopinda. Nyekundu nyingi na za machungwa zatokana na buttiana, chotara wa glabra na peruviana. Zile za mrundiko, ambazo brakti zimechukua nafasi ya maua, hung'ang'ania tawini hadi zikanyauka na kugeuka kahawia. Hazifai uzio wa heshima.

Jambo ambalo asiyejua hulipita kila mara liko kwenye kwapa la jani. Hapo hutoka kimoja kati ya viwili, mwiba au kishada cha maua, na vyote viwili vyatokana na chipukizi la namna moja. Mmea ukishibishwa maji na mbolea ya naitrojeni, chipukizi huwa mwiba. Ukionja kiu, huwa kishada. Nairobi iko karibu sana na ikweta, urefu wa mchana haubadiliki kwa kiasi cha maana, hivyo ukavu ndio unaotawala: Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba. Tawi lililotunzwa vyema huwa na miiba michache chini, ikipungua urefu kadiri tawi linavyopanda, halafu vishada hufuatana hadi nchani. Tawi lenye miiba mirefu kuanzia shinani hadi juu limelelewa kwa bomba la maji. Mzee mmoja wa vitalu vya Ngong Road hakuhitaji hata kulitazama. Alipitisha kidole gumba kwenye tawi, polepole, akihesabu makwapa, kisha akamwambia mteja aliyelalamika kwamba mmea wake hauchanui: "Mama, hii imekunywa sana. Iache wiki tatu."

Elimu hiyo hiyo hutumiwa na walaghai. Mche huachwa na kiu ndani ya mfuko mdogo mpaka ujae rangi, ukauzwa ghali. Mnunuzi huupanda, akaumwagilia kila jioni, akavuna miiba. Wengine huuacha mfuko chini hadi mizizi ikatoboa na kushika ardhi, wakaung'oa mteja anapofika. Mizizi ya bogenvilia ni myembamba na hukatika upesi, basi mfuko unaogoma kuinuka usinunuliwe. Hila mbaya zaidi ni kuchomeka vipande vitatu vya rangi tofauti katika mfuko mmoja na kuuita mche wa kuunganishwa. Mche wa kweli una shina moja na kovu juu yake. Wa uongo una mashina matatu yanayotoka udongoni. Aina iitwayo Mary Palmer haimo katika lawama hii: kwa maumbile yake hutoa brakti nyeupe na za waridi kwenye mmea mmoja.

Mwisho huangaliwa majeraha ya kupogoa. Mkato mzuri ni wa mkasi mkali, umelala juu kidogo ya chipukizi linalotazama nje, na hufanywa maua yakishapukutika, mvua za masika zikikaribia. Nyuzi zilizochanika ni alama ya panga, na kilichokatwa kwa panga hakistahili sifa hata kikichanua.