Beba Ambacho Njia Haina

Watu huwasifu mafundi kwa kutengeneza, na ni haki. Lakini upo ufundi unaotangulia kutengeneza, nao hauna karakana wala kibao cha tangazo: kuchagua zana za kwenda nazo safari ya mbali kwa baiskeli. Anayeuweza huondoka Dodoma na kimfuko kinachoenea chini ya tandiko, akafika Tabora bila kulazwa porini na nati moja. Asiyeuweza hujitwisha kilo za chuma, na bado hukwama. Kinachowatofautisha si fedha. Ni maswali waliyojiuliza kabla ya kufunga mzigo.

Swali la kwanza linaihusu baiskeli yenyewe. Anza kwenye usukani, maliza kwenye ekseli ya nyuma. Kila nati na kila bolti ijaribu kwa zana ileile unayokusudia kuibeba: ilegeze kidogo, ikaze tena. Zana isiyogusa kitu irudi kabatini, hata kama ilinunuliwa kwa bei kubwa. Nati iliyokosa zana itafutiwe yake. Baiskeli nyingi za gia za siku hizi humaliza karibu kazi zote kwa alenki za milimita 4, 5 na 6, na bisibisi moja; nyingine hudai alenki ya 8 au spana ya 15 kwa ajili ya pedali. Phoenix au Avon ya kubebea mizigo haina habari na alenki. Yenyewe inataka spana za nati, plaizi, na nyundo ya kung'olea kota pini.

Zoezi hili hufichua mengi. Utaikuta bolti iliyoganda kwa kutu, uifungue nyumbani penye mafuta na muda, badala ya kupambana nayo juani. Utakumbuka kuwa pedali ya kushoto hukazwa kinyume na ya kulia, na mkono wako utalizoea jambo hilo kabla haujachoka. Aliyefanya hivi mara moja huacha kubeba zana kwa kuiga. Anajua kila chuma kilichomo mfukoni mwake kinakwenda kugusa wapi.

Swali la pili linaihusu njia, na hapa ndipo orodha za kuazima zinapotupoteza. Msafiri anayevuka majangwa ya Australia lazima abebe karakana nzima, maana anaweza kwenda siku nyingi bila kumwona mtu. Kwetu mambo ni tofauti. Kutoka Dodoma kwenda Bahi na Manyoni, au kutoka Nzega kwenda Shinyanga, ni nadra kukuta kijiji chenye duka kikakosa fundi baiskeli. Yuko chini ya mwembe, na karai lake la maji, pampu yake ndefu ya kukanyagia, na kopo la golori zilizochanganyika za kila saizi. Ana spoku, ana grisi, ana kota pini, ana raba za breki za fimbo. Anaigeuza baiskeli kichwa chini, anaegemeza kidole gumba kwenye uma, analizungusha gurudumu na kusikiliza linapougusa ukucha. Kwa kipimo hicho hulinyoosha gurudumu lililopinda mpaka likaenda sawa. Kuubeba ujuzi wa namna hiyo haiwezekani, na hakuna haja: unapatikana njiani, kwa malipo ya haki.

Alichokosa fundi huyu ni kile ambacho wateja wake hawana. Hana kifaa cha kufungulia gia tisa za nyuma. Hana kiungo cha cheni nyembamba. Hana pedi za breki za diski wala mafuta yake. Basi kanuni yote ya uchaguzi imo katika maneno machache: beba ambacho njia haina, na ambacho njia inacho iachie njia. Panapobadilika njia, mfuko nao ubadilike. Kati ya Itigi na Tabora kuna vipande virefu vya vichaka ambako fundi wa mwembeni hayupo. Huko hata pancha ni shauri lako mwenyewe.

Chukua mfano wa tairi. Fundi wa kijijini anauza la 28, na msafiri mwenye baiskeli ya 700 huambiwa kuwa ni mamoja, kwani mara nyingi tairi lake nalo limeandikwa 28. Soma tarakimu ndogo zilizochapwa ubavuni. Palipoandikwa 37-622, namba ya pili ni kipenyo, kwa milimita, cha mahali tairi linapokaa kwenye ringi. La Phoenix ni 635. Milimita 13 hazionekani kwa jicho, lakini tairi la 635 kwenye ringi ya 622 litapwaya, na ukilijaza upepo litachomoka. Tyubu yake hunyumbuka, hiyo itakufikisha. Kwa hiyo mwenye ringi za 622 anayekwenda mbali na miji abebe tairi moja la kukunja, na tyubu asihofu sana. Mwenye ringi za 559, zile za inchi 26 za baiskeli za milimani, aliache tairi la akiba nyumbani ikiwa njia yake inapita miji mikubwa, kwa kuwa madukani huko limejaa. Namba moja ubavuni mwa tairi imekuamulia karibu nusu kilo ya mzigo.

Valvu nayo ni hivyohivyo. Ile nyembamba ya milimita 6, inayopendwa na baiskeli za mashindano, hupita kwenye tundu dogo la ringi. Ile nene ya milimita 8 ndiyo ya pikipiki na magari. Mwenye nene anaweza kujaziwa upepo popote penye bodaboda, na ikibidi atapata tyubu inayoingia. Mwenye nyembamba abebe tyubu zake mbili na kile kipande kidogo cha shaba cha kuunganishia pampu ya pikipiki. Kipande hicho hakina uzito wa kuhesabika, lakini siku pampu yako ikifa ndicho kitakachokuokoa.

Pampu yenyewe isijadiliwe. Katika nchi ya mbigili, na Dodoma na Singida ni nchi ya mbigili, pancha si ajali. Ni sehemu ya safari. Hapo ndipo uchaguzi unapodai uvumilivu kuliko vyuma. Kipande cha msasa, viraka, solusheni, na vijiti viwili vya kutolea tairi: basi. Chagua vibomba vidogo vya solusheni ambavyo havijatobolewa, maana kikubwa kikishafunguliwa hukaukia mfukoni. Kwangua tyubu mpaka ipoteze mng'ao, paka solusheni nyembamba, kisha subiri mpaka iache kung'aa na kunata kidoleni. Ni subira hiyo inayokishikisha kiraka. Mwenye haraka hubandika juu ya umajimaji na kuirudia kazi mbele kidogo. Na kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi polepole. Mwiba uliobaki humo hautasahau kazi yake.

Huko nyuma matairi yaligandishwa kwenye ringi, na kuziba pancha kulikuwa kazi ya saa nyingi pamoja na usiku wa kusubiri gundi ikauke. Ndugu wa Michelin wa Ufaransa waliichoka adha hiyo, na mwaka 1891 wakatoa tairi linalotolewa na kurudishwa kwa zana za mkono. Vijiti viwili vya mfukoni mwako vina thamani kwa sababu hiyo. Uchaguzi wa zana huanza kwa aliyebuni kitu kitengenezeke.

Sasa spoku. Kwa baiskeli yenye mzigo nyuma, spoku inayokatika mara nyingi ni ya gurudumu la nyuma, upande wa kulia, upande wa cheni. Sababu iko katika umbo: gia huchukua nafasi, kwa hiyo spoku za upande huo husimama wima zaidi na hukazwa zaidi kuliko za kushoto ili ringi ibaki katikati. Na ndiko kusikofikika bila kuzing'oa gia. Hii ndiyo sababu kile kifaa kidogo cha kufungulia gia, ambacho wengi hukiona mzigo usio na kazi, kina haki ya kwanza mfukoni. Hakina mbadala barabarani; mpini wa kukizungushia unaweza kuazimwa kwa fundi yeyote mwenye spana malaya. Beba pia spoku chache za urefu wako kamili, wa kulia na wa kushoto, maana urefu hutofautiana kwa milimita chache na milimita hizo zina maana. Zifunge kwa tepu kwenye fremu. Ongeza spana ya spoku inayokaa barabara kwenye nipeli zako. Iliyopwaya huzila pembe za nipeli mpaka zisishikike tena.

Kwa cheni, kifaa cha kukatia na viungo viwili vya kufungwa kwa mkono vinatosha, alimradi viungo vilingane na idadi ya gia zako. Pima cheni kabla ya kuondoka: ikiwa mpya, jozi 12 za vipande vyake hufika inchi 12 barabara. Ikishazidi hapo kwa asilimia moja imeisha, na imeanza kula meno ya gia. Cheni mpya iliyofungwa nyumbani ni zana bora kuliko mbili za akiba zilizofungwa kwenye karia.

Kisha kuna vitu visivyouzwa kama zana, navyo nadhani ndivyo vinavyomtambulisha msafiri aliyekomaa. Waya laini wa kufungia. Vipande vya tyubu kuukuu, vilevile ambavyo wachuuzi wetu wa mkaa na ndizi hukazia mizigo yao. Tepu iliyozungushwa kwenye pampu ili isichukue nafasi. Sindano ya gunia na uzi mgumu wa kushonea tairi lililochanika, na kipande cha ubavu wa tairi la zamani cha kuweka ndani ya jeraha hilo. Kitu cha namna hii hakina nati yake maalumu. Kinangoja tatizo ambalo halijafikiriwa na kiwanda. Karia ikivunjika Manyoni, waya na mpira vitaifikisha kwa mchomeleaji.

Baada ya kuchagua, punguza. Kila zana ya ziada mfukoni ni woga uliopewa uzito, na woga hauishi kwa kuongezewa chuma. Dawa yake ni kujua. Katika mashindano ya Tour de France ya mwaka 1913, Eugène Christophe alivunjikiwa uma akishuka mlima Tourmalet. Sheria za wakati ule zilimkataza kusaidiwa. Alibeba baiskeli na kutembea zaidi ya kilomita 10 mpaka kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia kwa mhunzi, akauunga uma kwa mikono yake mwenyewe, kisha akaendelea na safari. Waamuzi walimwadhibu kwa sababu mtoto mmoja alimvutia mivukuto. Hakuna mfuko ambao ungebeba tanuri lile. Tanuri lilikuwa kijijini tayari. Christophe aliongeza ujuzi wake, na viwili hivyo vilitosha.

Wengine hupunguza kwa kuanzia kwenye baiskeli. Dervla Murphy, mwandishi wa Ireland, alipoondoka kwao mwaka 1963 kwenda India kwa baiskeli aliyoiita Roz, alikuwa ameshaziondoa gia zake, akiona hazitazihimili barabara za huko aendako. Gia isiyokuwepo haihitaji zana. Miaka mingi baadaye alipita kwetu pia, akiendesha kutoka Kenya hadi Zimbabwe, safari aliyoisimulia katika kitabu cha mwaka 1993, The Ukimwi Road. Si lazima kila mmoja ang'oe gia, lakini kila mmoja anapaswa kujiuliza kila kifaa alichokipenda dukani kitamdai nini siku kikiharibika mbali na duka hilo. Na usipoziba ufa utajenga ukuta: spoku iliyolegea, waya wa breki ulioanza kukatika nyuzi, golori zinazolia, vyote vimalizwe kabla ya safari, visije vikageuka mzigo wa zana.

Nimeupenda ufundi huu kwa sababu unamfundisha mtu mizani ya kweli kati ya kujitegemea na kutegemeana. Anayebeba kila kitu anawadharau mafundi wa njiani bila kukusudia, kana kwamba ujuzi wao haupo. Asiyebeba chochote anawatupia shida ambayo hawana kifaa cha kuitatua. Aliyechagua vizuri hufika kwa fundi akiwa na kifaa cha gia zake na spoku za urefu wake, akamkabidhi, na fundi akatia mkono wake uliozoea magurudumu maelfu. Kazi inakwisha kwa sababu kila mmoja ameleta alichonacho. Ukiondoka hapo mwachie alenki moja ya ziada. Baiskeli za gia zinazidi kuingia vijijini, na mteja wake ajaye ataihitaji.

Kwa hiyo, kijana unayepanga safari yako ya kwanza, usianze kwa kutafuta orodha. Igeuze baiskeli yako kichwa chini, ishike nati moja baada ya nyingine, kisha nenda kwa fundi wa mtaani kwenu umuulize ana nini na hana nini. Majibu ya hao wawili yataujaza mfuko wako kwa kiasi chake, na kila kitakachokuwamo utaweza kueleza kwa nini kimo.