Fito Tatu za Usukani: Uhakiki wa Tafsiri Moja ya Maelekezo ya Ufundi

Tulipoletewa tafsiri ya maelekezo ya kufunga fito mpya za usukani katika gari aina ya Jeep lililopandishwa juu, ili tuihakiki kabla haijafika mikononi mwa wanafunzi wa ufundi, tulitazamia kukutana na makosa ya kawaida ya ngeli na tahajia. Hayo yalikuwa machache. Mfasiri anakijua Kiswahili chake, na sentensi zake zasomeka vizuri kuliko nyingi tunazoletewa. Kasoro iko penginepo, nayo ni kubwa zaidi: vyuma vitatu vyenye kazi tatu mbalimbali vimepewa majina mawili, na fundi atakayeyafuata maelekezo hayo hatua kwa hatua atatoa gerejini gari lisilofaa kuendeshwa.

Kabla ya kuyahukumu maneno yatupasa tukitazame kitu chenyewe. Gari linalozungumzwa ni Jeep Wrangler ya miaka ya 2007 hadi 2018, ambayo ekseli yake ya mbele ni chuma kimoja kizima kinachopanda na kushuka pamoja na magurudumu yote mawili. Sanduku la usukani halikufungwa kwenye ekseli. Limefungwa kwenye chasisi. Humo hutoka mkono mfupi, na mkono huo husukuma na kuvuta ufito wa kwanza, ambao huvuka upana wa gari hadi kwenye gurudumu la upande wa pili. Ufito wa pili huyaunganisha magurudumu mawili ya mbele ili yaelekee pamoja. Huu ndio tairodi ya mafundi wetu. Ufito wa tatu haugeuzi gurudumu lolote. Ncha yake moja imeshikwa na chasisi, ya pili imeshikwa na ekseli, na kazi yake ni kuizuia ekseli isisogee kushoto wala kulia. Huu huitwa ufito wa Panhard, kwa jina la kiwanda cha magari cha Ufaransa.

Gari linapopandishwa kwa springi ndefu, chasisi huenda juu na ekseli hubaki chini. Ufito wa kwanza na wa tatu, ambao kila mmoja una ncha moja juu na moja chini, huanza kuinama. Hapo ndipo penye ugomvi. Tuchukue ufito wenye urefu wa sentimita 90. Ukiwa umelala sawasawa, gurudumu likapanda sentimita 5 kwa kukanyaga tuta, ncha ya ufito husogea kando kiasi cha milimita 1.4 tu. Ukiwa umeinama kwa digrii 10, tuta lilelile huisogeza ncha hiyo zaidi ya milimita 7. Lakini ikiwa ufito wa Panhard una urefu huohuo na umeinama vivyo hivyo, ekseli nayo husogea kiasi kilekile, na dereva hahisi neno. Kwa hiyo maelekezo ya asili yanamwamuru fundi afanye mambo mawili ambayo hayatenganiki: auhamishe ufito wa kwanza kutoka chini ya mkono wa gurudumu na kuufunga juu yake, kisha akiinue kishikio cha ufito wa Panhard kilichoko kwenye ekseli kwa kipimo kinacholingana.

Sasa tuitazame tafsiri. Katika hatua hiyo ya pili mfasiri ameandika kwamba kiinuliwe kishikio cha tairodi. Twaelewa alivyofika hapo. Waingereza huuita ufito unaounganisha magurudumu trakirodi, na Wamarekani huuita tairodi. Wamarekani haohao huuita ufito wa Panhard trakibaa. Kamusi za ufundi zilizoko maofisini mwetu, pamoja na sehemu kubwa ya elimu yetu ya ufundi, zimerithi Kiingereza cha Uingereza. Mfasiri alilikuta neno trakibaa katika maandishi ya Kimarekani, akaliona ni ndugu wa trakirodi, akaandika tairodi. Laiti angejiuliza tairodi ina kishikio gani kwenye ekseli! Haina. Fundi mwangalifu atakitafuta asikione, na pengine atauliza. Fundi mwenye haraka atairuka hatua hiyo, na gari litatoka likiwa na ufito wa kwanza uliolazwa na wa Panhard ulioachwa umeinama. Kwa hesabu yetu ya hapo juu, kila tuta la sentimita 5 litaisogeza ekseli milimita 7 huku ufito wa usukani ukikubali moja na nusu tu. Tofauti hiyo haina pa kwenda ila kwenye magurudumu, nayo yatajigeuza yenyewe hali mikono ya dereva imetulia. Gari hilo litakuwa baya kuliko lilivyokuwa kabla ya kuguswa. Kwa mwendo wa barabara kuu hatupendi kufikiri zaidi.

Mtego wa aina hiyohiyo umo katika jina la mkono mfupi wa sanduku la usukani. Kwa Waingereza dropaamu ni mkono wa kawaida. Wamarekani huuita pitimani, na wanapoongeza neno dropu mbele ya pitimani huwa wana maana ya mkono mwingine, uliopindwa chini zaidi kwa ajili ya magari yaliyopandishwa. Maelekezo yanakataza mkono huo usitumiwe pamoja na ufito uliohamishiwa juu. Tafsiri imeukataza mkono wa usukani kwa jumla, na gari lisilo na mkono huo haligeuki kabisa.

Neno kiungo nalo limebebeshwa mzigo usio wake. Mfasiri amelitumia kwa ufito wenyewe, naye akauita "kiungo cha kuburuta", kisha akalitumia tena kwa ile ncha yenye kitufe cha duara kinachozunguka ndani ya kikombe chake, ambayo mafundi huiita boljointi au tairodi endi. Maelekezo yanaposema kwamba viungo vilivyolegea vibadilishwe kwanza, msomaji hajui abadilishe fito au ncha, na bei za vitu hivyo hazifanani. Isitoshe, ufito huo hauburuti. Husukuma sawa na unavyovuta, kutegemea usukani umegeuzwa wapi.

Twamsifu mfasiri kwa "tundu lililochongoka", lililo pana upande mmoja na jembamba upande wa pili, ambalo hulazimu kutobolewa upya na kutiwa kikombe ufito unapohamishiwa juu. Neno hilo litaingia katika orodha yetu. Hatuwezi kusema hivyo juu ya "ncha ya kushoto". Asili inazungumzia hesi ya kushoto, yaani mizunguko ya parafujo inayokaza kwa kuzungushwa kinyume. Ufito una hesi ya kushoto ncha moja na ya kulia ncha nyingine, ndiyo maana kuuzungusha hurefusha au hufupisha. Hapo hakuna habari ya upande wa gari.

Tumeona pia kwamba fito zimeambiwa "zipandishwe daraja", kana kwamba ni makarani wanaongojea barua. Kuimarisha kungetosha. Lakini neno kuinua si la mzaha. Tafsiri inasema nati za ufito wa Panhard zikazwe "gari likiwa limeinuliwa". Mwandishi alikusudia gari lililopandishwa kwa springi, likiwa limesimama kwa uzito wake juu ya magurudumu. Fundi wetu ataelewa kwamba gari limepigwa jeki. Akizikaza hivyo, bushi za mpira zitashikwa katika mkao usio wake, na gari likishushwa zitabaki zimesokoteka hadi zichanike kabla ya wakati. Twapendekeza kupandisha kwa badiliko la kudumu, na kupiga jeki kwa lile la muda.

Wapo wenzetu ambao wangetaka kila chuma kipewe jina la Kibantu lililobuniwa upya. Hatukubaliani nao katika jambo hili. Neno usukani lilitoka chomboni, ambako nahodha alilishika shikio bila fito zozote kati yake na maji. Limekuja garini likatulia, lakini likatosha kwa gurudumu la mkononi tu. Stelingi ya gerejini hubeba mtambo wote, ingawa mtaani stelingi ni yule shujaa wa filamu asiyekufa. Tairodi tayari ni mali ya mafundi, na kuipokonya ni kuwaongezea kazi. Kwa hiyo twashauri: tairodi ibaki, ufito utokao kwenye mkono wa sanduku uitwe ufito wa usukani, na wa tatu uitwe ufito wa Panhard, jina ambalo Mwingereza na Mmarekani wote hulifahamu na hawaligombanii. Ncha ziwe ncha, kiungo kiachwe.

Limebaki jambo moja dogo. Tafsiri inataja mara kwa mara "upande wa dereva". Asili ni gari la Kimarekani lenye usukani kushoto. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala dereva hukaa kulia, na kwa wasomaji wetu wa Bujumbura na Kisangani, ambako magari hupita upande wa kulia wa barabara, mambo hubadilika tena. Iandikwe kushoto au kulia kwa gari, kwa mtu anayetazama mbele, na ielezwe mwanzoni kwamba vipimo ni vya gari lenye usukani kushoto. Tumeirudisha tafsiri kwa mwenyewe pamoja na mchoro wa fito tatu, kila ufito ukiwa umetiwa jina lake.